Jiwe la Nakuru Juu ya Jebel Kujur

Siku ya mwisho ya safari ya volkano, Nyabol aliamka amenuna. Wanaomjua watakwambia hilo si jipya, kwamba tangu arudi Juba hakuna aliyemwona akiamka anacheka, lakini hasira ya asubuhi ile ilikuwa na sababu zake. Jana yake jioni yeye na wageni aliokuwa akiwaongoza walikuwa wamepita Sherikat, kiungani mwa Juba, na kuvuka daraja, vumbi la barabara ya Nimule limewakaa hadi kwenye nyusi, na kabla hajanawa uso Morris alishamvuta kando.

Morris ndiye aliyekuwa na hoteli ya makontena kule Hai Amarat, na safari ile ilikuwa yake. Alikuwa Mkenya mwenye maneno matamu na masikio mafupi.

"Kesho ukiwapeleka Jebel Kujur, usianze masomo yako ya mawe," alimwambia. "Sema ni volkano. Nimeshaandika kwenye matangazo kwamba safari inaanzia volkano na kuishia volkano."

"Si volkano, boss. Ni jabali tu. Halijawahi kutema hata cheche."

"Sasa nani atauliza mlima? Wewe sema, watu wafurahi, warudi kula kuku."

Nyabol alikuwa na neno la kujibu, tena neno zito, lakini alilimeza kwa sababu alikuwa na shida yake juu ya mlima uleule, na alitaka kupanda bila kelele. Ndani ya mkoba wake, limefungwa kwenye kitenge, kulikuwa na jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa jeusi, bapa, la ukubwa wa mkate mdogo. Hilo ndilo lililobaki la kaburi la mama yake.

Nikueleze habari ya jiwe hilo, maana bila hiyo utamwona Nyabol ni mkorofi bure.

Mama yake aliitwa Nyaduoth, Mnuer wa Nasir, kule kwenye mto Sobat. Vita vilipowafikia alimbeba Nyabol mgongoni wakapita Ethiopia, wakapita kambi hii na ile, mwisho wakatua Nakuru, mtaa wa Rhonda, ambako Nyaduoth aliwafulia watu nguo hadi ngozi ya vidole ikawa nyeupe. Nyabol alikulia hapo, chini ya mlima Menengai. Alianza kwa kuwauzia watalii mayai ya kuchemsha ukingoni mwa kasoko, lile shimo la volkano, akaishia kuwaongoza yeye mwenyewe. Moto uliolala chini ya Bonde la Ufa aliujua kama jirani anavyojua ugomvi wa nyumba ya pili. Mama alikufa miaka miwili kabla ya mkataba wa amani kutiwa sahihi. Siku za mwisho alikuwa na sentensi moja tu, nayo aliirudia mpaka wauguzi wakaijua: "Nirudishe Sobat."

Alizikwa kwenye makaburi ya watu wasio na kwao, nje ya mji. Nyabol hakuwa na uwezo wa msalaba wa saruji, kwa hiyo alishuka Menengai akachagua jiwe moja jeusi la volkano, akalichonga alama ya mistari mitatu kwa msumari, akaliweka kichwani pa kaburi. Amani ilipokuja na watu wakaanza kurudi, naye akarudi, akafika Juba. Kufika Juba si kufika Nasir, lakini alijiambia ni mwanzo.

Huo mwanzo ukakaa miaka mitatu. Koang, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, na kila ndege ndogo ya Nasir ilipokuwa na nafasi alimpigia simu. "Njoo uende ukaone kwenu." Mara Nyabol alikuwa na kazi, mara alikuwa na malaria, mara redio imetangaza mapigano huko mtoni. Mapigano yalikuwepo kweli, sikatai. Lakini hata wiki zilizokuwa tulivu hakwenda. Aliogopa kitu kimoja: kushuka pale uwanjani, mtu mzima amuulize kwa Kinuer yeye ni binti wa nani, naye baada ya salamu akwame, ajibu kwa Kiswahili cha Rhonda mbele ya ndugu za mama yake. Nakuru walimwita yule Msudani. Juba wakamwita yule Mkenya. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini hawakusema kuku aliye mgeni kila uwanja afungwe mguu upi.

Basi safari hii ilipopita Nakuru, aliwaacha wageni wake hotelini akaenda makaburini kumsalimu mama. Hakumkuta. Pale palipokuwa na kaburi kulikuwa na udongo mpya, msalaba mpya wa mbao, na jina la mwanamume asiyemjua. Nafasi zilikuwa zimekwisha, mchimbaji mmoja alimweleza bila hata kusimamisha koleo, kwa hiyo makaburi yasiyo na mwenyewe yalichimbwa upya. Jiwe lake lilikuwa limetupwa kando ya ua pamoja na maua ya plastiki. Nyabol alimtukana yule mchimbaji kwa lugha zote alizokuwa nazo. Kisha alilichukua jiwe, akalifunga kitenge, akaondoka.

Palepale akaapa: huyu mama atalala kwenye ardhi ya Sudan Kusini kabla safari hii haijaisha. Na mahali pa juu kuliko pote anapopajua yeye, panapoonekana na kila mtu wa Juba akiinua macho, ni Jebel Kujur.

Lakini angepandaje na jiwe la kaburi mbele ya wageni? Akatunga desturi. Kesho yake juu ya Menengai aliwaambia kila mmoja aokote jiwe moja dogo jeusi, alibebe safari nzima, kisha aliache juu ya mlima wa mwisho, na pamoja nalo aache lile alilochoka kulibeba moyoni. "Ndivyo tufanyavyo sisi viongozi wa Menengai," alisema, uso mkavu. Hakuna aliyeuliza. Ukimwambia mtu jambo ni desturi, huona haya kukuuliza limeanza lini.

Wageni wenyewe walikuwa Wakenya watano wanaofanya kazi Juba, waliochukua likizo pamoja. Watatu kati yao hadithi hii haiwahitaji. Wa nne ni Jepchirchir, msichana wa benki, mcheshi, mwenye swali la kila kitu. Wa tano ni Barnabas, mhasibu wa shirika la misaada, mtu ambaye akiona ugomvi mkono wake hukimbilia mfukoni. Walikuwa wamepanda Longonot, wakapanda Menengai, wakaguswa na baridi ya Elgon, na sasa walikuwa wamebakiza kilima hiki wanachokiona kila siku wakienda kazini na ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukigusa.

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa 2009, na mvua ya maana haikuwa imenyesha. Mahindi mashambani yalikuwa yamesimama mafupi, majani yamejikunja. Ezbon, dereva wao, mtu wa upande wa Mundri, aliegesha gari chini ya mlima, akakusanya kamera zote akazifungia ndani, kwa sababu Juba ile kupiga picha ovyo kulikuwa njia ya mkato ya kulala kituoni.

Moshi mweusi ulikuwa unapanda kutoka ubavuni mwa mlima.

"Aki Nyabol, inatoa moshi!" Jepchirchir alipiga kelele. "Kumbe ni volkano kweli?"

"Ni matairi," Nyabol alisema kwa ukali usiomstahili msichana wa watu. "Wale akina mama wanachoma jabali kwa matairi mpaka lipasuke, kisha wanaligonga kokoto. Hiyo ndiyo volkano ya Morris."

Walipita katikati ya wale akina mama, mafungu ya kokoto kulia na kushoto, nyundo zikilia. Jepchirchir alisalimia. Wengine waliitikia, wengine waliwatazama tu. Nyabol alipita haraka bila kusalimia, mkono juu ya mkoba wake. Hilo lilikuwa kosa, na si la mtu asiyejua. Mahali popote pa kwao, Nakuru au Nasir, hupiti kwenye kazi ya watu kimya kama mwizi.

Walipanda hadi kwenye bapa moja la jabali ambako Juba yote inaonekana, mabati yanang'aa, mto kwa mbali. Wageni wakatoa vijiwe vyao. Walivipanga mstari mmoja juu ya jabali, kwa utulivu, hata Barnabas akainamisha kichwa kidogo. Nyabol akapiga magoti mwishoni mwa mstari, akafungua kitenge, akaliweka jiwe la mama yake. Alitaka kusema neno kwa Kinuer. Neno halikuja. Akaikasirikia hata midomo yake.

"Itakum gi amulu shunu hini?"

Sauti ilitoka nyuma yao: mnafanya nini hapa? Alikuwa mmoja wa wagonga kokoto, mwanamke wa makamo, mabega mapana, nywele zimejaa vumbi la mawe, macho mekundu kwa moshi wa matairi, na nyundo bado iko mkononi. Wenzake wawili walikuwa wanakuja nyuma yake wakihema.

Nyabol akasimama, akaanza kujieleza kwa Kiarabu cha Juba. Yule mama akamkata.

"Wacha. Hiyo Kiarabu yako nachechemea. Ongea Kiswahili. Mimi Poni, mimi nakaa Adjumani kule Uganda miaka mingi ya vita. Mimi nasikia yote."

"Malesh, samahani mama," Nyabol alisema, akijaribu kupoa. "Hatuharibu kitu. Ni desturi tu, kila mgeni anaacha jiwe lake."

"Desturi ya nani?"

Wageni wakamtazama kiongozi wao.

"Mimi nauliza, desturi ya nani? Ya Bari, watu ya hapa? Hapana. Hii mlima iko na watu yake. Jiwe hapa si kitu ya kuchezea. Iko jiwe ya kuita mvua, iko jiwe ya kufunga mvua, na iko familia yake nashika, hata mimi hapana gusa. Sisi tunapasua hii mlima kila siku, lakini tuliomba kwanza. Nyinyi napita pale chini, hapana salamu, nakuja napanga jiwe nyeusi ya nchi nyingine juu ya kichwa ya mlima. Na mvua imekataa! Kesho watu nakuja kwangu nasema, Poni, wewe ulikuwa chini, uliona, ulinyamaza?"

"Mama, tusikosane," Barnabas alisema kwa upole, na mkono wake, kama kawaida, ukaenda mfuko wa nyuma. "Tunaweza kuongea kirafiki, tuwaachie kitu cha soda..."

"Toa mkono kwa mfuko!" Poni alinguruma hata Barnabas akarudi nyuma. "Unafikiri mvua nakunywa soda?"

Hukumu yake ilikuwa fupi. Mawe yale hayakai, na hayatupwi chini yakiwa mazima, maana jiwe zima linabaki jiwe. Kila aliyeleta lake atalipasua mwenyewe, hapahapa, kwa nyundo. "Jiwe ikipasuka nakuwa kokoto," alisema. "Kokoto hapana jua mambo ya mvua. Kokoto naenda kwa lori, najenga nyumba."

Wageni wakatii. Nyundo ikapita mkono kwa mkono. Na kwa kuwa walikuwa na hofu, na watu wenye hofu hupenda kucheka, wakaanza utani. Jepchirchir alipiga jiwe lake mara ya kwanza likaruka, wenzake wakashangilia. Barnabas akasema hilo lake ni mkopo wa benki, akalipasua vipande viwili. Walichekacheka kama watu wa harusi. Nyabol alisimama pembeni. Aliwachukia kwa kucheka, akamchukia Poni kwa nyundo yake, akamchukia Morris kwa matangazo yake, akamchukia yule mchimbaji wa Nakuru na koleo lake. Na mstari wa mawe ukazidi kuwa mfupi kuelekea kwa mama yake.

Likabaki moja.

"Na hii kubwa ya nani?" Poni aliuliza.

Barnabas, kwa nia njema kabisa, akasema, "Hilo ni la kiongozi wetu."

Poni akamnyooshea Nyabol nyundo, mpini mbele. Nyabol akaitazama. Angeweza kunyamaza. Pigo moja, na wageni wangeshuka salama, na siri ingebaki siri. Alijua pia kwamba akisema ukweli ndiyo ataharibu kabisa, maana kama vijiwe vya kutembelea vimeleta kelele hii, je, la kaburi?

"Hilo haligongwi," alisema.

"Sababu gani?"

"Ni la mama yangu. Limetoka kwenye kaburi lake."

Mmoja wa wale wanawake wawili alipiga ishara ya msalaba. Jepchirchir akaziba mdomo kwa kiganja. Nyundo ya Poni ilishuka, lakini sauti yake haikushuka.

"Wewe umeleta kaburi? Umebeba kaburi umeweka juu ya watu, hapana uliza mtu?"

"Ndiyo, nimeleta!" Nyabol alilipuka, na hapo yote aliyoyameza tangu jana, na tangu Nakuru, na tangu utoto, yakatoka kwa mpigo. "Nimeleta! Ulitaka nimpeleke wapi? Kule wamemzika mtu mwingine juu yake! Mtu asiyemjua analala juu ya mama yangu, na jiwe lake wamelitupa kwenye takataka! Alitoka nchi hii na mimi mgongoni, amefua nguo za watu mpaka mikono ikaoza, akafa anataka kurudi. Kila siku redio inatuambia rudini nyumbani, rudini, kura inakuja. Nimerudi! Na kila ninapokanyaga mtu ananiuliza nimetoka wapi. Mlima wote huu, mama, mlima mzima! Umekosa nafasi ya jiwe moja?"

Upepo ulileta harufu ya tairi. Poni alimngoja mpaka akamaliza kuhema.

"Mama yako kwao wapi?"

"Nasir."

"Na kabla kufa, yeye nasema nini? Nasema, nipeleke Juba?"

Nyabol akalitazama jiwe.

"Mimi nauliza wewe."

"Alisema Sobat." Sauti ilikuwa imekwisha nguvu. "Nirudishe Sobat."

"Hii mlima iko na Sobat?"

Nyabol akainamisha kichwa; swali hilo lilimuuma kuliko tusi.

"Sikia," Poni alisema, na sasa hasira yake ilikuwa ya chini, ile inayokaa. "Mama yangu mimi iko Adjumani, kwa udongo ya watu. Mimi pia nalia. Nilirudi hapa, nakuta kiwanja ya baba yangu iko na ukuta na geti. Mwenye geti nasema, mama, Juba ni ya sisi wote, hapa ni kwetu sote. Kwetu, kwetu! Kila mtu nakuja Juba nasema kwetu. Kwenu mnaogopa kwenda, basi kwetu nakuwa kwenu."

Aliinama akaliokota jiwe. Nyabol alisogea mbele, mikono imekunjwa ngumi, tayari kupigana na mtu mwenye nyundo. Lakini Poni aliweka nyundo chini. Alilipangusa vumbi jiwe kwa upindo wa kitenge chake, akaona ile mistari mitatu, akapitisha kidole juu yake. Kisha akampa Nyabol kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto wake.

"Mama ya mtu hapana tupwa kwa mlima ya mtu," alisema. "Peleka."

Wakashuka. Walipofika kwenye mafungu ya kokoto, Nyabol alisimama akawasalimia akina mama wote, mmoja mmoja. Ilikuwa imechelewa, lakini aliwasalimia.

Ndani ya gari Jepchirchir alijaribu kumfariji, maana alikuwa na moyo mzuri hata kama mdomo ulikuwa mwepesi. "Nyabol, si tukaliweke mtoni pale darajani? Maji ni yaleyale tu. Nile, Sobat, si yote yanakutana?"

Nyabol alilifikiria hilo. Nitasema kweli, alilifikiria kwa hamu. Daraja lilikuwa karibu, hakuna wa kumuuliza kwa Kinuer, na jioni angekuwa amemaliza.

Ezbon ndiye aliyejibu, macho barabarani. "Sobat inaingia Nile karibu na Malakal, sista. Kutoka hapa hadi kule ni mbali, na jiwe haliogelei."

"Nyamaza, Ezbon," Nyabol alisema. Ezbon akanyamaza. Alikuwa ameshasema.

Hotelini Morris alikuwa amepanga meza nje kati ya makontena, kuku wameiva, na kitambaa kimetundikwa: Karibuni Tena Kutoka Nchi ya Volkano. Akawapigia makofi wageni, akamsukuma Nyabol mbele kwa kiwiko. "Wape neno la mwisho, halafu tupange kundi la Jumatatu. Wameshajaa."

Nyabol akasimama mbele yao na mkoba begani.

"Mlima mliopanda leo si volkano," alisema. "Ni jabali la Wabari, na hatukuomba ruhusa. Desturi ya mawe niliitunga mimi, kwa sababu yangu mwenyewe, na nikawatumia ninyi. Mnisamehe."

"Nyabol!" Morris alicheka kwa meno tu. "Wacha mchezo mbele ya wageni."

"Na wewe Morris, kundi la Jumatatu lipeleke mwenyewe. Ukifika pale chini, salimia wenye kazi yao. Ukiwaambia kwamba ni volkano, Mama Poni ana nyundo."

Morris akamfuata hadi getini akimwambia kwamba hataajiriwa tena na Mkenya yeyote Juba nzima, kwamba hana shukrani, kwamba ndivyo walivyo. Neno hilo, ndivyo walivyo, Nyabol alilisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza hakuhangaika kujua Morris anamhesabu na watu gani. Alisimamisha bodaboda.

Uwanja wa ndege ulikuwa na fujo zake za kila siku, masanduku, askari, watu wanaopigana na foleni. Koang alikuwa nyuma, upande wa mizigo, shati limelowa jasho, anapima magunia kwenye mizani ya chini. Alipomwona dada yake akadhani kuna msiba.

"Ndege ya Nasir iko?" Nyabol aliuliza bila salamu, kisha akajikumbuka. "Habari za kazi, Koang."

"Nzuri. Iko kesho asubuhi, ya dawa za zahanati, nafasi moja imebaki." Akamtazama. "Lakini wewe una kazi. Au una malaria. Au redio imesema."

"Niandike."

Koang hakucheka. Aliona macho yake. "Nani amekukasirisha?"

"Wote. Niandike."

"Ndege ndogo, lazima nikupime na mzigo wako. Panda."

Nyabol akapanda mizani. Akatoa jiwe kwenye kitenge akalikumbatia kifuani. Koang aliinama kusoma, akainuka, na hapo akaiona ile mistari mitatu, ambayo Nyabol alimsimulia zamani, siku alipofika Juba. Mikono yake ikaacha gunia alilokuwa ameshika. Alisema polepole, kama mtu asiyetaka kumvunja mwenziwe moyo lakini hataki kumdanganya.

"Dada, miaka imepita. Pale Nasir sasa hakuna hata mtu mmoja anayekujua."

"Mimi hawanijui," Nyabol alisema. "Huyu wanamjua."